Nilivyomgombania Baba Yako

Mwanangu Nyabweke,

Umetoka na shangazi yako kwenda mjini kutafuta begi lenye zipu nzima, na nyumba imetulia kwa mara ya kwanza tangu wiki hii ianze. Nimesogeza vitambaa vya watu pembeni, nimeweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Nikisubiri jioni sitapata nafasi. Watu wa kanisa watakuja kukuombea, na unawajua wakianza.

Habari za chandarua, za kutokula ovyo safarini, za kuweka pesa sehemu mbili, shangazi yako ameshakueleza mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza kuuliza. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninataka kukuambia habari za baba yako, ila siyo zile za kanisani. Hizo unazijua kuliko mimi. Ninataka ujue ilikuwaje kuwa mke wake, kwa sababu huko Dodoma unakwenda kusomea kuwa kama yeye, na siku moja, katika nyumba fulani, kutakuwa na mtu aliye kama mimi.

Usije ukasoma haya ukafikiri mama amegeuka. Baba yako alikuwa mchungaji wa kweli. Sikuwahi kumsikia akisema neno moja mimbarini na jingine chumbani. Hakupenda makuu, hakuchagua mgonjwa wa kumtembelea, na mtu akimwita hakuuliza kwanza huyo ni wa kanisa gani. Ndiyo maana wivu wangu ulikuwa mgumu kuubeba. Mwanamke mwenye mume mlevi ana pa kulalamikia, ukoo mzima unakaa kikao kwa ajili yake. Mimi ningekwenda kumshtaki baba yako wapi? Ningesema kosa lake nini? Kwamba anapenda watu?

Tulioana Buswahili, nyumbani kwao. Harusi yetu ilikuwa bado haijapoa, vyombo vya kuazima havijarudishwa, nilipopika chakula changu cha kwanza kama mke. Kuku, na ugali wa mtama niliousonga kwa nguvu zangu zote ili mama mkwe asipate la kusema. Nikatenga. Baba yako akanawa mikono. Hapo hapo akaingia mtu na baiskeli, jasho linamtiririka, mama yake amefariki.

Baba yako aliangalia chakula, akaniangalia mimi.

"Mke wangu, utanisamehe."

"Kula kwanza, hata kidogo."

"Wananisubiri."

Akakausha mikono kwenye suruali, akaondoka. Bibi yako, huyo uliyepewa jina lake, alikuja akakuta nimekaa mbele ya sinia nikilia. Hakunibembeleza. Alivuta kigoda akaketi, akamega ugali.

"Huyu alikuwaga hivi tangu mdogo," alisema. "Ukimtuma kuni anarudi kuni za jirani zimeshapelekwa, zetu bado. Wewe binti, kula kikiwa cha moto."

Sikumsikia. Au nilisikia, nikakataa. Kwa miaka mingi nilikuwa nangoja. Chakula kikiwa tayari nakifunika, nakaa pembeni yake, na baba yako akirudi anakuta sijala, na mimi nakula naye ule ugali uliopoa, kimya, ili aone nilivyoteseka. Hakuona, mwanangu. Alifikiri napenda kula naye, akafurahi. Aliyekuwa anaumwa tumbo ni mimi.

Nakuambia hili kwa sababu wewe una kisirani changu. Ukimkasirikia mtu unanyamaza, unataka agundue mwenyewe. Watu wengine hawagundui. Siyo ubaya wao.

Halafu kulikuwa na jina. Mimi ni Nyangeta, lakini tangu siku ile ya harusi sijui kama kuna mtu nje ya ukoo aliyeniita hivyo. Nilikuwa Mama Mchungaji sokoni, Mama Mchungaji zahanati, Mama Mchungaji hata kwa mkopeshaji wa vitambaa. Nilikuwa nashona sare za kwaya, nikishapeleka wanasema, "Mama Mchungaji ametushonea," na wageni wanajibu, "Mchungaji ana mke mzuri." Sifa zinanipita zinakwenda kwake. Sasa majirani hapa Makoko wameanza kunitania kwamba wewe ukivaa kola ya uchungaji, hilo jina litakuwa langu kweli, kwa kuwa nitakuwa mama wa mchungaji. Wanacheka. Na mimi nacheka nao, lakini sijajua bado kama imenifurahisha.

Tulipohamishiwa Bunda mambo yalizidi. Kanisa lilikuwa kubwa, mji wa barabarani, watu wanaingia na kutoka na magari ya Mwanza, kila mmoja ana shida yake na wote wameelekezwa nyumbani kwetu. Hayo nilianza kuyazoea. Lililonikosesha usingizi lilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri baba yako alikuwa haonekani. Hayuko ofisini, hayuko hospitali, na pikipiki ameiacha. Mwanamke mmoja wa umoja wa akina mama akaniambia, macho yakiwa kwenye mchele anaochambua, "Mchungaji Alhamisi huwaga wapi? Tulimtafuta hatukumpata." Alivyosema hivyo, na wengine walivyonyamaza, nilijua wanafikiri nini.

Alhamisi iliyofuata nilijifunga kitenge nikamfuata. Alipita nyuma ya maghala ya pamba, akakata uchochoro, akaingia kwenye ua wenye uzio wa minyaa. Nikasimama nje. Nilishajiandaa kumwona mwanamke, nilishaandaa hata maneno ya kumwambia. Nikasikia mtu anacheka. Kicheko kikubwa, cha tumboni, mpaka anakohoa. Nilikuwa sikijui. Nilichungulia ili nione huyo anayecheka ni nani, na alikuwa baba yako.

Alikuwa anacheza bao na mzee mmoja, Mzee Magesa. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Mzee huyo alifanya kazi kiwanda cha pamba mpaka mguu ulipovunjika vibaya. Bunda nzima ilijua kwamba hataki habari za dini, wainjilisti wawili alishawatoa pale kwake kwa fimbo.

Nilirudi nyumbani. Angekuwa mwanamke ningejua la kufanya. Sasa mtu unamwoneaje wivu mzee wa bao?

Alipokuja sikungoja hata akae.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Mzee Magesa."

"Unakwenda kumhubiria?"

"Hapana. Alishaniambia nikitaja Mungu pale anafunga bao lake."

"Sasa huwa unakwenda kufanya nini?"

"Kufungwa," alisema, akacheka kidogo. "Sijamshinda hata mara moja."

"Mbona hapa kwangu huchekagi vile?"

Alivua viatu polepole, kimoja, kingine.

"Pale hakuna anayengoja niseme kitu cha maana," alisema. "Nakuwa Manyama tu, siyo Mchungaji."

"Na hapa?"

"Hapa narudi nimeisha."

Hayo maneno yaliniuma kwa muda mrefu, lakini alikuwa hasemi uongo. Na alijaribu kurekebisha. Alhamisi iliyofuata hakwenda. Alikaa sebuleni, mimi nikakaa mbele yake, tukatazamana. Akauliza habari za cherehani. Nikasema ni nzima. Nikauliza habari za mkutano wa wazee. Akasema umeisha salama. Baada ya hapo tukawa tunasikiliza kuku nje. Mwishowe mimi mwenyewe nikasema, "Nenda." Akainuka haraka kama mtoto aliyeruhusiwa, alipofika mlangoni akageuka.

"Twende wote."

Nilikwenda. Sikuwahi kujifunza bao. Nilikaa na mke wa Mzee Magesa tukimenya mihogo, na kicheko kile nikakisikia kutoka nyuma ya ukuta wa jiko. Hakikuwa changu, lakini nilikuwa pale. Tangu siku hiyo Alhamisi nyingi nilikwenda. Ningeomba kuingia mapema badala ya kuchungulia kwenye minyaa, ningejipunguzia mengi.

Sasa nakuja kwako. Hili ndilo limenifanya nianze kuandika.

Ulipozaliwa, baada ya miaka mingi ya kungoja, nilijua nimepata wa kwangu. Ulipoweza tu kukaa kwenye pikipiki, baba yako akakuchukua. Alikuweka mbele juu ya tangi mkawa mnakwenda kwa wagonjwa, matangani, kwenye ugomvi wa mipaka. Mlirudi na vumbi sawa usoni. Mezani mlikuwa mnaongea habari za watu nisiowajua, mnamaliziana maneno, na mimi nikiuliza, "Huyo ni nani?" unanieleza vizuri, kwa heshima, kuanzia mwanzo. Ulikuwa unanieleza kama mgeni, Nyabweke. Mtoto wa darasa la tatu anamkaribisha mama yake kwenye maongezi ya nyumba yake mwenyewe.

Nilikuonea wivu. Hakuna mama anayesema hivyo, ila mimi nasema, kwa sababu uliuona bila kujua unaona nini. Ulikuwa unauliza, "Mama, nimekosa nini?" na mimi najibu, "Hujakosa kitu, kaoge." Kweli hukuwa umekosa kitu.

Baba yako alipostaafu tukahamia hapa Makoko, nilifurahi kwa siri. Nilijiambia, sasa wamemrudisha. Ziwa lipo, sato wapo, nitampikia, tutakaa. Hatukukaa sana ukaja ule ugonjwa, upande mmoja ukalala na midomo ikapinda. Wewe ulikuwa kazini Mwanza, hukuona yote. Watu walikuja. Kutoka Bunda, kutoka Butiama, kutoka Buswahili, wamejaa kwenye michomoko, vile vigari vidogo vya abiria, wameshika sukari na kuku. Wanaingia wanaimba, wanalia, wanaomba, wakitoka wanaingia wengine.

Siku moja nikasimama mlangoni nikawaambia wazee wa Bunda, "Mchungaji amelala."

Sauti ikatoka ndani, nzito, ya ule mdomo uliopinda. "Nyangeta. Sijalala."

Wazee wakaangalia viatu vyao. Nikawapisha.

Walipoondoka akaniita kitandani.

"Unanificha."

"Ndiyo," nikasema. "Nakuficha. Nimechoka kukugawa."

Alifikiri. Nikadhani anatafuta namna ya kunionya. Akasema, "Basi kesho funga mlango. Sema nimelala. Halafu ukae nami."

Kesho yake nikafunga. Watu wakagonga, wakaondoka. Nikakaa kwenye kiti karibu na kichwa chake, na yeye akaanza kuniuliza mambo. Aliniuliza nani alinifundisha kushona. Aliniuliza ile nguo ya bluu niliyokuwa naipenda ilipotelea wapi. Halafu akaniuliza, "Mama yako alipofariki, ilikuwaje kwako?"

Mwanangu, baba yako ndiye aliyemzika mama yangu. Alisimama juu ya kaburi lile akasema maneno mazuri mpaka kaka zangu wote wakatulia. Lakini usiku ule hakuniuliza, wala baada yake. Alizika mama za watu wengi, na wangu akamzika kama wale wengine. Sasa ananiuliza, na maneno hayatoki sawasawa, mate yanamtoka pembeni ya mdomo, namfuta. Nikamweleza. Nilieleza mpaka jua likazama, na alikuwa hanipi aya wala faraja. Alikuwa anasikiliza tu, na mkono wake mzima umeshika kitenge changu.

Siku ile moja alikuwa wangu peke yangu. Nikikumbuka ndoa yangu naanzia hapo, siyo kwenye harusi.

Alipofariki wewe ulikuwepo, na unajua kikao kilivyokuwa. Wazee wa Bunda wanasema mchungaji alijenga kanisa lile kwa mikono yake, azikwe kiwanjani pale. Ukoo unasema Buswahili, na baba yake. Mimi nikasema Makoko, hapa nyuma ya nyumba. Watu wote wakawa kimya, ule ukimya wa kumhurumia mjane ambaye hajui anachosema. Baba yako mkubwa akasema, "Tumsikilize mtoto." Na wewe ukasimama.

"Baba alale Bunda," ulisema. "Kwa watu wake."

Watu wake. Nilikaa pale nikajiuliza, na mimi ni mtu wa nani? Mazishi yote sikukuangalia. Ulikuja kunishika mkono kaburini nikajifanya narekebisha kitenge. Ulipokuja kuniambia unaacha kazi uende chuo cha wachungaji, nikasema "Sawa," nikarudi kwenye cherehani. Neno hilo moja ndilo ulilopata kutoka kwangu kwa jambo kubwa kuliko yote ya maisha yako.

Kuna kitu sijakuambia. Baada ya mvua kuisha nilikwenda Bunda peke yangu, siku ya kazi, ili nisimkute mtu. Nimepanda gari kwenda kumwona mume wangu kama mgonjwa wa hospitali ya mbali, nimenuna njia nzima. Nikafika. Kuna mwanamke amekaa kwenye ukingo wa kaburi, amenyoosha miguu, anabambua karanga kwenye ungo na anaongea. Anamsimulia baba yako bei za sokoni.

Aliponiona akasogea.

"Karibu dada, kaa. Ulikuwa unamfahamu Mchungaji?"

Nikasema, "Kidogo."

Hakuwa wa kanisa letu, hakunijua. Akaanza kunisimulia. Mumewe alimfukuza mchana kweupe, akatupa vitu vyake barabarani, na watu wakasimama kuangalia. Baba yako akatokea, akainama, akachukua godoro akaliweka kichwani. Akapita nalo katikati ya soko la Bunda na suruali yake ya kanisani, huyo mwanamke nyuma yake, mpaka kwa dada yake upande wa pili. Hakuna aliyethubutu kucheka. "Tangu siku ile," aliniambia, "sijawahi kuona aibu kupita pale."

Na mimi niliikumbuka siku hiyo. Alirudi na pamba ya godoro kichwani na shati limechafuka, shati nililolipiga pasi asubuhi. Nikamgombeza. Hakuniambia alikuwa wapi na mimi sikuuliza, nilishajua tu kwamba amekwenda kwa watu.

Niliumia, siwezi kukudanganya. Kila mtu ana kipande chake cha yule mwanaume, na vipande vyao vinang'aa. Lakini sikuinuka. Nilimwambia aendelee, akaendelea. Alipomaliza nikamwambia, "Na mimi nina yangu. Unajua kwamba alikuwa anaogopa bata mzinga?"

"Nani? Mchungaji?"

Nikamwambia jinsi bata mzinga wa jirani alivyomkimbiza akapanda juu ya tangi la maji na Biblia mkononi, akaniita kwa jina langu, mimi Nyangeta, nije nimwokoe. Yule mama alicheka mpaka karanga zikamwagika juu ya kaburi. Tukaziokota wote wawili. Halafu akaniangalia vizuri, akashika mdomo. "Jamani. Wewe ndiye mke."

Nikasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Sisemi kwamba ulikuwa sahihi kwenye kile kikao. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya ili uondoke vizuri. Nasema nimeacha kugombana nawe kichwani mwangu, na nilipaswa kukuambia kabla begi halijanunuliwa.

Nenda, mama. Utakuwa mchungaji mzuri, nimekuona unavyosikiliza watu, na kanisa litakupenda, na mimi nitaona wivu. Usihangaike na wivu wangu, nimeshazoea kuishi nao. Ila ukipata mtu wa kuishi naye, awe mume, awe nani, siku moja moja rudi nyumbani kabla hujaisha. Muulize mama yake alikufaje. Na kama umeitwa na huwezi kukataa, mwambie ale, chakula kisipoe. Usimwache akae pembeni ya sufuria akijiuliza kama unamwona.

Nimalizie na jambo la kesho, kwa maana utanikasirikia ukiligundua mwenyewe. Wanakwaya wa hapa Makoko wamepanga kuja stendi kukusindikiza kwa nyimbo, wamevaa sare, wana bango. Waliniuliza basi linaondoka saa ngapi. Nimewaambia saa tatu. Basi lako ni saa kumi na mbili asubuhi, unajua. Watu wa Bunda watakuwa wamejipanga barabarani, hao siwawezi, na usiwapite bila kuwapungia. Lakini pale stendi ya Musoma tutakuwa wawili. Nitabeba begi mimi. Hutanisaidia. Utakaa dirishani na mimi nitasimama chini, nikuangalie mpaka dereva aseme basi.

Likishaondoka sitarudi nyumbani. Nitawasubiri hao wanakwaya pale pale na chupa ya chai na maandazi, niwaombe radhi, halafu nitawaambia waimbe hivyo hivyo. Nitasimama katikati yao.

Mama yako,
Nyangeta